Nilipiga Simu Nikiwa Kasongo Nikasema Niko Salamabila

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Pigeni makofi sasa hivi, maana mkisikia habari yote pengine mtakataa.

Mimi nilikuwa mwongo wa simu. Niko kitandani, nasema niko barabarani. Mke wangu Zaina alichoka, akachukua watoto, akaenda kwa dada yake Kalemie. Akaniachia neno moja: nisipofika kumchukua kabla ya Jumapili, nisimtafute tena.

Nikaondoka kwa pikipiki. Nilipofika Kasongo, Kalemie bado mbali, woga ukanishika: nitasema nini mbele ya ndugu zake? Nikachukua chumba hotelini, nikakaa siku tatu! Rezo ya simu ilikamata mahali pamoja tu, juu ya kitanda, karibu na dirisha. Basi napanda na viatu, napiga simu Kalemie kwa sauti kubwa, nataja miji ya mbele ambayo sijafika: "Allo, Zaina! Niko Kabambare, mvua iko mingi!" Kesho yake: "Niko Salamabila, pikipiki imekufa!"

Ndugu zangu, shetani hakuniambia kwamba ukuta ule ni mbao tupu. Na chumba cha pili amelala baba mkwe wangu, mzee Mwislamu wa Kabambare, aliyeleta mchele sokoni! Kwetu baba mkwe haingii mahali mkwewe analala, hata nyumba ikiwaka moto. Akasimama nje ya mlango, akakohoa.

"Mukwe, toka kidogo. Kumbe mimi na wewe tulilala Salamabila?"

Jamani! Nilitoka nimeinamisha kichwa, natamani ardhi inimeze. Hakunitukana. Akavuta kiti, akaupa mlango mgongo.

"Rudi mule. Muite kwa simu, umuambie kweli. Mimi niko hapa, nasikia."

Nikapanda tena kitandani, safari hii nimevua viatu. Nikaanza kulia kabla hajaitika.

"Zaina, niko Kasongo. Siku zote tatu niko Kasongo. Niliogopa ndugu zako."

Nikasogeza simu dirishani. Nikadhani rezo imekatika. Halafu akacheka, ndugu zangu, akacheka!

"Sasa nimesikia bwana yangu. Kuja. Hata ukifika Jumatatu, nitakungoja."

Haleluya! Nilifika Jumatatu, tope mpaka masikioni, na watoto wakanirukia. Mungu alinifungua kwa mdomo wa mzee wa msikitini, nami sioni haya kumshukuru. Zaina ndiye yule anayejificha uso kwa kitenge pale nyuma.

Na wewe ndugu, dada, unayemdanganya mtu wako kwa simu, mtegemee Yesu, usiogope. Toka nje sasa hivi, umpigie. Sisi tutaimba mpaka urudi.