Divai ya Bibi Annezou

Marehemu Dokta Theognosia Pieridou alizaliwa tarehe 14 Machi 1929, katika kijiji cha Kalovounos, milima ya Troodos, Kipro, akiwa mtoto wa kwanza wa Bwana Haralambos Mavrommatis, fundi viatu, na mkewe, Bibi Evdokia.

Alikuwa bado shule ya kijiji mwaka 1938, lilipofunguliwa kaburi la baba yake mdogo, Padre Gerasimos, mtawa wa Monasteri ya Panagia Vrysiotissa, ili mifupa yake ioshwe kwa divai na kuwekwa pamoja na ya ndugu zake katika chumba cha chini ya kanisa, kama ilivyo desturi baada ya miaka mitatu. Mwili ulikutwa haujaoza, watawa wakasema amekufa na laana, wakamfukia tena nje ya ukuta bila msalaba, na mama wa Gerasimos, Bibi Annezou, akarudi nyumbani na chupa yake ya divai vilevile ilivyojaa, akaifungia kabatini, asiruhusu mtu kuigusa. Shuleni watoto walimwita Theognosia mpwa wa asiyeoza.

Alimaliza sekondari Limasoli mwaka 1947, akahitimu elimukale katika Chuo Kikuu cha Athene mwaka 1952, akaajiriwa Nikosia katika Idara ya Mambo ya Kale, na tarehe 16 Septemba 1956 akafunga ndoa na Bwana Kleovoulos Pieridis, mpima ardhi, wakajaliwa watoto wawili, Despo, mwaka 1958, na Loizos, mwaka 1961.

Mwaka 1962 Abati Paisios, mkuu wa monasteri, alimruhusu kuichunguza mifupa ya monasteri, na marehemu, baada ya kuona kwamba waliochelewa kuoza, Gerasimos akiwemo, walikuwa wamezikwa wote upande wa mashariki, penye udongo wa mfinyanzi unaolowana na chemchemi, akaomba kufukia mapaja ya mbuzi, nusu huko na nusu magharibi penye mchanga mkavu. Ndugu Spyridon, mpishi, alinung'unika mbele ya watu wote, "Mama, hao wangetutosha supu ya Pasaka, sasa tutawasomea na arobaini yao?"

Mwaka 1965 mashimo yalifunguliwa, ya magharibi yakatoa mifupa mitupu, ya mashariki yakatoa nyama bado ina ngozi, na marehemu akauliza kwa sauti ya chini, "Baba Abati, mbuzi hawa walilaaniwa na nani?"

Abati aliwageukia watawa, akasema, "Mrudisheni Gerasimos nyumbani."

Huko nje ya ukuta, kwenye mteremko mkavu, mifupa ilikutwa safi, ya manjano kama nta. Bibi Annezou, aliyekuwa na miaka themanini na mitano, aliiosha kwa mikono yake, kwa divai ileile iliyokwisha kugeuka siki, na mjukuu wake akaandika jina la Gerasimos kwenye paji la fuvu.

Marehemu alianza kuugua moyo mwaka 1996, akafariki tarehe 9 Novemba 1998, hospitalini Limasoli, akiwa na miaka sitini na tisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kalovounos, wenzake wa Idara, na mababa wa monasteri waliopiga kengele tangu alfajiri. Kaburi hili la upande wa magharibi alilichagua mwenyewe, na Bwana Kleovoulos ameshatenga divai ya mwaka huu. Tutakuja nayo, Theognosia. Hadi siku hiyo, pumzika kwa amani.