Mzee Kizingiti na Mlango Usio na Ngazi

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mbunifu wetu mkuu wa viwanja na bustani atakabidhi funguo za ofisi yake na kustaafu. Hati zake za mshahara zina jina lake kamili. Sisi sote tunamwita Mzee Kizingiti, naye huitika, ndiyo maana nimethubutu kuliandika hapa.

Jina hilo alipewa na mafundi wa saruji, kwa sababu ya ugomvi wake na vizingiti. Kwake yeye jengo halianzii mlangoni, linaanzia pale mtu anapoiacha barabara. Wasanifu wakileta michoro, huuliza kwanza maji yatapita wapi, kivuli cha mchana kitaangukia wapi, na bibi mwenye mkongojo atapumzikia wapi. Akikosa majibu, huchukua kofia yake akaenda kukaa kwenye kiwanja kitupu mpaka ayapate.

Kazi yake inayojulikana zaidi ni uwanja wa mbele wa maktaba kuu. Alitandaza jiwe lile lile la kijivu kutoka kando ya barabara, chini ya miti, hadi ndani kwenye meza ya mapokezi, bila ngazi hata moja. Mwanzoni wageni walifuta viatu kando ya barabara, wakidhani wameshaingia ndani. Msimamizi wa usafi alikuja juu, akitaka kujua ni nani atakayepiga deki hadi kwenye magari.

Kisha mvua zikaanza, na maji yakafuata njia ile ile ya wageni, moja kwa moja hadi mapokezi. Mkurugenzi wa wakati huo aliuliza kama amejengewa maktaba au bwawa, akaagiza mlango uinuliwe na kuwekwa ngazi. Mzee alikiri kwamba mteremko aliukosea yeye. Ngazi, hata hivyo, alizikataa katakata. Mama yake mzazi, anayetembea kwa mkongojo, aliwahi kurudi nyumbani bila kuhudumiwa kwa sababu ya ngazi za ofisi fulani, na Mzee alikuwa amemwahidi kwamba maktabani ataingia mwenyewe. Aliomba msimu mmoja tu wa mvua. Akishindwa, ngazi zijengwe.

Kila iliponyesha alitoka na mwavuli na mabuti, akiyafuata maji taratibu na kupanga kokoto pale yalipopinda. Wapita njia walimwonea huruma. Mvua zilipokatika, mafundi walichimba mfereji mwembamba kufuata kokoto zile, wakaufunika kwa wavu wa chuma, maji yakaelekezwa kwenye mizizi ya miti. Mapokezi hayakulowa tena. Miti imeshapita ghorofa ya pili, na mkurugenzi yule yule ndiye aliyekuwa wa kwanza kuhamishia chai yake chini ya miti hiyo.

Mzee ni mkali kwa mchoro, mpole kwa mtu. Makarani wapya tulioingia ofisini kwake kwa woga tulitoka tumekaribishwa chai. Mkewe, ambaye ni muuguzi, ametuomba tusimsifu kupita kiasi: nyuma ya nyumba yao hakuna hata mmea mmoja, na jembe jipya linamsubiri.

Sherehe ya kumuaga itafanyika kwenye uwanja huo wa maktaba. Ikinyesha, tutasogeza viti ndani bila kupanda popote. Kiti cha mbele ni cha mama yake, ambaye ametuma salamu kwamba mtu yeyote asihangaike kwenda kumshika mkono, njia anaijua.

Asante kwa yote, Mzee wetu. Upumzike vyema, kivulini, miguu ikiwa mikavu.