Reino Ylitalo, Mpeleka Barua wa Kuusela, na Mvuke wa Jumamosi

Marehemu Reino Ylitalo alizaliwa tarehe 14 Januari 1914 hapa Kuusela, kaskazini mwa Michigan, Marekani, mtoto wa pili wa Matti na Sanna Ylitalo waliotoka Ufini. Siku hiyo baridi ilikuwa kali hata mkunga alifika mkono wa kulia umegandana na kitasa cha mlango wa jirani, mlango wenyewe kaubeba, akampokea mtoto kwa mkono wa kushoto. Mchungaji asinitazame hivyo. Mimi Lempi, dada yake, nilikuwepo, nina miaka sita. Mlango tuliurudisha kiangazi.

Mama yetu alifariki mwaka 1919. Mmoja wetu ilibidi abaki jikoni na mmoja aende shule. Nikabaki mimi. Reino alisoma hapa Kuusela mpaka darasa la nane, mwaka 1928, na kila jioni alinisomea gazeti, nami nikamlipa kwa hadithi za uongo. Alitaka sana kunifundisha kusoma. Nikamwambia kichwa changu kimejaa, herufi nitaziweka wapi? Ndiyo maana haya ameyaandika mjukuu wangu Kaarina nikisema, na nimemkataza kunyoosha chochote.

Mwaka 1938 aliajiriwa posta, kupeleka barua mashambani. Njia yake ilikuwa maili thelathini na mbili. Kiangazi alikwenda kwa gari, na theluji ikizidi alikwenda kwa farasi. Wajane waliokuwa hawajui kusoma aliwasomea barua za watoto wao mlangoni, na palipoandikwa maneno ya kuumiza aliyapita kama hayaoni.

Tarehe 24 Juni 1939 alimwoa Aune Lahti, nao wakajaliwa binti mmoja, Helmi. Aune alitutangulia mwaka 1976.

Sasa nafika mahali ambapo mimi, niliyetia chumvi maisha yangu yote, sitatia hata punje.

Mwaka 1953 nchi nzima iliogopa wakomunisti kama watu waogopavyo ndui. Wakati wa masika wanaume wawili wa serikali, wenye kofia, walimwendea Reino wakataka orodha ya nyumba zinazopokea gazeti la wafanyakazi la Kifini. Akawaambia, "Kazi yangu ni kupeleka barua. Majina sipeleki." Wakaondoka. Mwezi wa Agosti wakaja kwangu.

Nilikuwa namenya viazi barazani. Walifuta viatu, wakanisalimu vizuri. Mkubwa wao akaonyesha sauna ya Reino ng'ambo ya ua. "Mama, kile kibanda kisicho na dirisha, wanaume wanafanya nini humo kila Jumamosi?"

Kwetu hata mtoto mchanga anaijua sauna. Unamwaga maji juu ya mawe ya moto, mvuke unapanda, unatoka jasho, unarudi kwako safi. Lakini wale walikuwa na nyuso kavu, wametoka mbali, nikaona niwachekeshe.

"Wanaongea na Moscow," nikasema.

"Kwa simu?"

"Simu ya nini? Kwa mvuke. Reino akimwaga kata moja ya maji, hiyo ni salamu. Mbili, habari za posta. Tatu, anaomba askari. Moscow wakijibu, mawe yanapiga chafya."

Nikangoja wacheke. Walikuwa wanaandika. Yule mdogo akauliza, "Askari wangapi?"

"Inategemea ukubwa wa kata, mwanangu."

Niliwapa kahawa na mkate wa iliki. Wakanipa karatasi, wakasema ni ya kuonyesha tu kwamba walifika. Nikatia alama yangu ya msalaba, kwa kuwa ndiyo pekee niijuayo.

Januari 1954 Reino aliitwa mbele ya tume iliyopima uaminifu wa watumishi wa serikali. Alifuatana na rafiki yake, Vilho Saarela, na yaliyotokea mle nimeyapata kwa Vilho. Reino alidai mara tatu aletewe mtu aliyemshtaki, amwone uso kwa uso. Wakamjibu kuwa ni mtu wa kuaminika na jina lake halitajwi. Kisha wakasoma: hukutana na wenzake kila Jumamosi katika jengo lisilo na dirisha, hupeleka ishara Moscow, amekwisha kuomba askari. Vilho anasema walipomaliza kusoma, Reino alitabasamu kidogo, na hakudai tena. Wakamwuliza kama anamjua mtu awezaye kumtungia maneno hayo. Akasema, "Hakuna."

Barua ya kumfukuza ilifika tarehe 11 Machi, ndani ya mfuko wake mwenyewe. Aliiona asubuhi wakati wa kupanga. Akaiweka mahali pake kwenye foleni, akagawa za watu wote maili zote thelathini na mbili, akaitia kwenye sanduku la nyumbani kwake, akaingia ndani, akavua kofia ya posta. Halafu akatoka kuichukua kama mtu mwingine yeyote.

Aliponieleza mambo yaliyosomwa, nilijua. Sikufungua kinywa. Mimi nilizaliwa Ufini, sikuwa na uraia, na mwaka ule watu kama mimi walikuwa wakirudishwa kwao na kuacha watoto mezani. Nilikuwa na wanne. Hiyo ni sababu. Sisemi kwamba inatosha.

Kuanzia hapo Reino alifanya kazi kiwanda cha mbao na Aune akafagia nyumba za watu. Kati ya wanaume tisa waliokuwa wakija sauna alibaki mmoja, Vilho. Wengine walichoma magazeti yao kwenye majiko, na dukani watu wakaacha kuongea Kifini, hata kuulizana bei ya samaki. Njia ya Reino akapewa Vilho, na Kuusela nzima ikakata shauri: aliyemuuza ni Vilho. Mkamnyima mkono kanisani. Mkewe akaacha kwaya. Reino alisema dukani, nami nikiwepo, nimeshika unga, "Si Vilho." Mtu akamwuliza, "Ni nani basi, mzee?" Reino akageuka akatoka. Na mimi nikalipia unga wangu nikaenda nyumbani.

Kwa miaka thelathini wazee wawili waliendelea kuoga pamoja kila Jumamosi. Nilikuwa nauona moshi kutoka dirishani kwangu.

Mapafu yake yalianza kumsumbua Februari mwaka huu. Jumamosi iliyopita Vilho aliwasha sauna kwa moto mdogo, akambeba, akamkalisha benchi la chini. Alipomrudisha kitandani nilikaa naye. Akasema, "Dada, nisimulie." Nikaanza ile ya mkunga na mlango.

"Hiyo naijua," akasema. "Nisimulie ile ya mvuke."

Ile niliisimulia mara moja tu, kwa watu wawili, naye hakuwepo.

"Wale wa tume waliisoma vibaya," akasema, "kama orodha ya dukani. Nataka kuisikia kwako."

Nilishindwa. Nilimwambia kesho. Jumapili hakuwa tena na fahamu, na Jumanne, tarehe 9 Oktoba 1984, saa nne asubuhi, akafariki, mkono wake ndani ya mkono wa Helmi.

Marehemu ameacha binti mmoja, Helmi, wajukuu watatu, dada mmoja, ambaye mmekwisha kumsikia, na rafiki mmoja, Vilho Saarela, aliyeketi benchi la mwisho kwa kuwa ndipo mlipomzoeza. Wabebaji wa jeneza waliotajwa ni watano. Vilho, njoo mbele. Mahali pa kichwani, upande wa kulia, ni pako. Na ninyi mliomnyima mkono, mpeni leo. Hasira mniletee mimi. Nyumba yangu mnaijua.

Pumzika kwa amani, ndugu yangu Reino. Hadithi uliyoniomba nimeisimulia, pamoja na mawe yanayopiga chafya. Nimechelewa siku saba na miaka thelathini.