Mtaa Niliouchagua kwa Sababu ya Utulivu

Ndugu zangu, kosa langu la kwanza mjini Kitale nililifanya asubuhi moja ya katikati ya wiki, kabla hata sijahamia. Nilienda kuangalia nyumba saa ambayo kila mtu yuko kazini. Nikasimama uani, nikasikiliza, nikasikia kimya, nikajiambia: hapa ndipo. Sikujua kwamba kimya cha watu walioenda kazini na kimya cha watu wasiojuana vinafanana kabisa kwa mtu aliyekuja mara moja.

Mwenyekiti wa mkutano huu wetu wa wakazi aliponiomba nisimame mbele yenu leo alisema, "Ongea tu bana, hapa si mahakamani." Lakini mimi nikiongea bila kuandika natetemeka, kwa hivyo nimeandika. Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena. Naona wanaonijua wanacheka. Chekeni tu.

Mimi ni mtu wa Kabuchai, upande wa Bungoma. Nililelewa na nyanya yangu mzaa mama, na kwetu nyanya tunamwita kukhu. Sikwenda chuo. Kazi ya kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwa kusimama nyuma ya mtu kwenye duka la kupiga chapa pale Bungoma mjini na kutazama vidole vyake, mpaka akachoka kuniona nimesimama akanipa kiti. Kazi yangu wengi wenu mnaijua: natengeneza vile vijitabu vya mazishi, picha ya marehemu mbele, maisha yake ndani, nyimbo nyuma. Ni kazi inayomfaa mtu mwenye wasiwasi. Ukikosea jina la mjukuu mmoja, familia nzima itakukumbuka wewe kuliko marehemu. Basi nasoma, narudia, halafu narudia tena wakati wenye msiba wamenisimamia mlangoni.

Duka moja la Kitale lilipohitaji mtu, nilikubali. Siku ya kumuaga kukhu alikuwa anachagua maharagwe, wala hakuinua macho.

"Ukifika huko," akasema, "uliza watu wetu wanakaa wapi, ukae hapo."

"Kukhu, siku hizi watu hawatafuti nyumba hivyo."

"Wanatafuta vipi?"

"Wanaangalia maji. Wanaangalia usalama. Choo kiwe ndani."

"Choo ndani ya nyumba," akasema polepole, kama mtu anayeonja mboga asiyoijua. "Haya. Ukishapata hicho choo, uniite nikuje nione mahali unalala."

Nikamwahidi. Na ndugu zangu, nawaambia, ahadi ile niliitoa kwa mapenzi na ndiyo iliyonipoteza. Magoti ya kukhu yalikuwa yanamsumbua. Nilitaka siku atakayofika akute nyumba safi, asipange foleni ya choo na watu asiowajua, asikalie kitu kilichovunjika. Nilitaka aangalie kila pembe akose la kusema.

Nilizunguka mitaa mingi. Matisi nilifika kwa sababu niliambiwa watu wa kwetu wako wengi huko. Nikaonyeshwa chumba kwenye ploti moja: milango inatazamana, bomba moja la maji katikati, nguo zimeanikwa kila mahali, na nyuma yake mashine ya kusaga mahindi inanguruma. Mama mmoja aliyekuwa anasugua sufuria aliniuliza kabla sijamsalimu, "Wewe ni wa Bumula ama Kabuchai?"

Nikamwambia Kabuchai.

"Nilijua! Sura hiyo si ya Bumula." Halafu akaniangalia nikikagua choo. "Lakini mbona unaangalia choo kuliko nyumba? Ama ndiko unataka kulala?"

Ploti nzima ilicheka. Na mimi nilicheka, nikaondoka, sikurudi. Nilijiambia ni kelele za ile mashine. Haikuwa mashine. Niliogopa kwamba watu wale wangejua siku hiyohiyo kuwa sina kitanda, na kabla wiki haijaisha habari ingekuwa imefika Kabuchai: mjukuu wako analala chini. Nilitaka kukhu aone nyumba ikiwa imekamilika. Sikutaka asimuliwe ikiwa nusu.

Kwa hivyo nilichagua ile ya utulivu. Iko ng'ambo ya mashamba ya mahindi, unafuata njia ya miguu kutoka Matisi. Kila nyumba ina geti lake na ukuta wake. Maji ndani, choo ndani, vigae vyeupe. Nilihamia na godoro, kompyuta na sufuria mbili, nikaanza kuiandaa nyumba kwa ajili ya mgeni mmoja tu.

Kukhu alikuwa akipiga simu. "Sasa nikuje?"

"Ngoja kidogo, kukhu. Bado viti."

"Mimi nitakaa kwa ndoo."

"La, ngoja. Nitakuita."

Nikanunua mapazia, nikaona rangi haipendezi, nikarudisha. Nikaagiza kitanda kwa fundi, nikakikataa kwa sababu mguu mmoja ulikuwa mfupi kidogo. Fundi aliniambia, "Kijana, weka kipande cha mbao hapo chini ulale." Sikuweza. Kila nilipokaribia kumaliza, niliona kitu kingine ambacho kukhu angekiona. Yeye ambaye macho yake hayakuwa yanaona vizuri tena.

Na wakati huo wote nilikuwa na hamu ya nyumbani ambayo sijui niieleze vipi. Nilitamani harufu ya moshi kwenye blanketi lake. Nilitamani kumsikia akigombana na kuku kama watu wazima wenzake. Zaidi ya yote nilitamani kuitwa. Nyumbani jina langu lilikuwa likitupwa kutoka upande mmoja wa boma hadi mwingine kutwa nzima, mpaka linachosha. Kitale hakuna aliyeniita kwa jina. Kazini nilikuwa "kijana wa kompyuta." Nikifika nyumbani nafunga geti, na kuna siku nilijisemesha kwa sauti ili nisikie tu kama sauti bado iko. Nilianza kufanya kazi polepole makusudi, nasoma maisha ya marehemu nisiowajua kutoka Sirisia, kutoka Kimilili, napitia yale maneno ya jinsi walivyopenda majirani, na ninawaonea wivu. Wivu kwa wafu, ndugu zangu. Sijawahi kumwambia mtu hilo.

Sasa nafika mahali pagumu. Ilikuwa alasiri, nimerudi mapema kumalizia kazi nyumbani. Mjomba wangu akapiga simu. Kwetu mjomba tunamwita khocha.

"Uko wapi?"

"Niko kwa nyumba, khocha."

"Uko na nani hapo?"

Nyinyi nyote mnalijua swali hilo. Kwetu mtu hapewi habari ya msiba akiwa peke yake. Kwanza wanauliza uko na nani. Wateja wangu wamenisimulia swali hilo mara nyingi wakiwa wamekaa pale dukani.

"Niko na watu," nikasema.

"Mpe mmoja simu."

"Wametoka kidogo."

"Basi ita jirani."

"Khocha, si useme tu."

"Siwezi. Yeye mwenyewe asingetaka nikuambie hivyo." Alijua amesema zaidi ya alivyotaka. Kisha akasema, "Tafuta mtu. Mimi nangoja, sikati."

Nikatoka na simu mkononi. Geti la kwanza, kufuli. La pili, kufuli. La tatu, sauti ya mwanamke ikauliza kutoka ndani, "Nani?"

"Ni mimi, jirani."

"Jirani gani?"

Nikageuka. Simlaumu yule dada. Ningekuwa mimi pia nisingefungua.

Nikakimbia kwenye ile njia ya mahindi hadi barabarani, namsikia mjomba akipumua kwenye simu. Pale kona palikuwa na mama anayechoma mahindi. Nilikuwa nimempita kila siku bila kununua, na nilikuwa nazungukia mbali ili moshi usishike nguo zangu. Nikampa simu.

"Mama, tafadhali ongea na mjomba wangu."

"Kuna nini?"

"Anataka mtu aliye karibu na mimi."

Aliniangalia usoni. Akafuta mkono kwenye leso, akachukua simu, akasalimia kwa lugha ya kwetu. Nikasikia akisema, "Ndiyo. Ndiyo, niko na yeye. Nimemshika." Hakuwa amenishika. Alipolisema ndipo akaukamata mkono wangu, kwa nguvu, hakuuachilia. Akakisukuma kiti chake kwa mguu.

"Kaa kwanza, mwanangu."

Nikakaa.

"Kukhu wako ametuacha leo asubuhi. Lia hapa. Mimi niko."

Nililia kando ya lile jiko. Akaja mtu wa bodaboda, akasimama. "Mama, nipe moja, ile laini."

"Hakuna mahindi saa hii. Huoni niko na msiba?"

Niko na msiba. Mama huyo hakujua hata jina langu.

Alizima jiko, akanipeleka kwake. Ilikuwa ploti ileile ya Matisi. Yule mama wa sufuria akaniona mlangoni akaanza, "Ee! Si huyu ni yule wa choo?" Akaona uso wangu, akaziba mdomo, akaingia ndani, akatoka na chai. Watu wakatoa viti nje. Mzee mmoja fundi wa cherehani, Mwislamu, alirudi kutoka msikitini akakaa karibu nami kwenye ngazi, akaniambia pole, na hakuondoka. Asubuhi wawili wao walinisindikiza mpaka Kabuchai, kwa sababu walisema mtu hafiki kwenye msiba wa kwao akiwa peke yake.

Nyumbani mjomba alinionyesha kuku mmoja mwekundu. "Huyu alikuwa wako," akasema. "Kukhu wako hakutaka mtu amguse. Alikuwa anangoja umwite, amlete kwa nyumba yako." Nikamchukua kuku yule mikononi.

Namshukuru mjomba ambaye hakukata simu. Nawashukuru wale wa ploti, na wengine wako hapa leo wananiangalia kama mtoto wao. Na wewe mama wa mahindi, najua hutaki nikutaje, basi sitakutaja.

Ndugu zangu, wengi wetu hapa tumetoka mahali pengine, na kuna wanaotafuta nyumba mwezi huu. Angalieni maji, angalieni usalama, sisemi msiangalie. Lakini nendeni jioni watu wakiwa wamerudi. Salimieni. Mkiona wanawauliza mmetoka wapi, msikimbie kama mimi. Mjiulize, siku ya habari mbaya, ni nani hapa atapokea simu yangu. Na kama kuna mtu anayetaka kuja kuwaona, mwacheni aje nyumba ikiwa nusu. Yeye haji kuona viti.

Kumkosa kukhu hakujaisha, na sidhani kutaisha. Bado narudiarudia kazi, bado nina wasiwasi. Lakini nilihama. Naishi Matisi katika chumba kimoja, majirani wananiita kwa jina langu, na mtu wa kwetu akiniuliza aje lini, namwambia aje leo.