Roselyne Kwamboka Nyang'au, Mtafutaji wa Kanisa la Jangwani (1971–2017)

Roselyne Kwamboka alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Nyamira, akiwa kitinda mimba wa Mzee Jeremiah Nyang'au na mkewe Kerubo. Alisoma shule ya msingi kijijini na sekondari Keroka, ambako alipenda historia kuliko chakula. Hata hivyo alisomea uuguzi mjini Kisii na kuhitimu mwaka 1994, kwa sababu, alivyosema mwenyewe, wafalme waliokufa hawaajiri mtu.

Mwaka 1997 alifunga ndoa na Benard, dereva mwenye maneno machache, na Roselyne akawa anaongea kwa niaba ya wote wawili. Walijaliwa watoto wawili, Chelsea na Wesley. Mwaka 2004 alipata kazi Doha, Benard akamfuata, wakapanga nyumba mtaa wa Najma.

Huko, mwaka 2010, alimhudumia mzee mmoja wa vijiji vya kaskazini aliyemsimulia habari za magofu yaliyo karibu na kisima cha babu zake. Kwa Kiarabu chake cha wodini, Roselyne alisikia "kanisa", neno ambalo Waarabu wanalo kama sisi. Alikuwa amesoma kwamba karne nyingi zilizopita Wakristo waliishi pwani ile, basi hakutulia tena. Kila siku ya mapumziko Benard alimpeleka jangwani akapime kuta na kupiga picha. Waumini wenzake wa kanisani, waliosali Ijumaa kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko huko, walifurahi mno kusikia kwamba hawakuwa wa kwanza kumwimbia Mungu katika nchi ile. Ziara ya shukrani ikapangwa na fulana zikachapishwa.

Wiki ya ziara, mzee alirudi kliniki. Roselyne alimwomba alirudie lile neno. Mzee alisema "miknasa", akafagia hewa kwa mkono. Kumbe ni ufagio. Pale kisimani akina mama walikuwa wakitengeneza mafagio ya makuti. Ile "mi" ya mwanzo Roselyne aliidhania pumzi ya mzee asiye na meno.

Benard alimsihi angoje ziara ipite, kwani nani angejua?

"Baba Chelsea," alimjibu, "watu wataenda kulia kwenye hayo mawe. Siwezi kuwaacha walilie mafagio."

Njia ya mwongo ni fupi, na Roselyne hakutaka kuianza. Ijumaa alisimama mbele akasema yote. Wengi walicheka, lakini kiongozi mmoja hakumsalimia mpaka Krismasi, na jambo hilo lilimuuma. Utafiti hakuuacha. Ukuta mmoja ulikuwa na kidaka upande wa mashariki, ambako makanisa ya kale yalielekea, naye alizidi kuazima vitabu na kuwaandikia wataalamu kukiulizia.

Januari 2016 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Aliugua akiwa mkaidi na mcheshi hadi alipofariki Doha tarehe 9 Septemba 2017. Juma lake la mwisho alitaka asomewe wasifu huu. Chelsea alipofika mahali palipoandikwa kwamba aligundua kanisa la kale, mama yake alimkatiza.

"Futa hapo, mama. Sikugundua. Andika nilitafuta."

Tumeandika hivyo, na tunajivunia kuandika hivyo.

Marehemu ameacha mume wake Benard, watoto Chelsea na Wesley, kaka yake Douglas, dada yake Nyaboke, na wapwa wengi. Apumzike kwa amani kwake Yeye ajuaye ukuta ule ulijengwa kwa ajili gani.