Mzee Sosthenes Mgaya na Bunduki ya Nyangumi

Tarehe 30 Juni 2025 Mzee Sosthenes Mgaya anastaafu, baada ya kutunza makumbusho madogo ya shule yetu hapa Iringa kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuja mwaka 1994 kutoka Mgololo, alikokuwa kibarua wa kiwanda cha karatasi. Alidhani amekuja kufyeka nyasi. Alipewa funguo mbili na chumba kilichojaa vitu visivyo na orodha.

Orodha aliitengeneza mwenyewe, kwa mwandiko ule ulionyooka kama mistari ya daftari. Alitufundisha kushika vyungu kwa mikono miwili na kutopiga chafya karibu na karatasi za zamani.

Lakini watu walikuja kuona bunduki. Mtutu wake ni mfupi na mnene, vidole viwili vinaingia mdomoni. Ina uzito wa kushinda mtoto wa darasa la saba, na chini yake kuna uma wa chuma wa kuizungushia. Mahali pa fataki za kuwashia baruti pako pawili, chini ya kifuniko cha shaba. Mzee aliambiwa na mtunzaji aliyemtangulia kwamba ni ya kuulia tembo, naye akasimulia hivyo kwa miaka ishirini na mitatu. Kifuniko, alieleza, ni kwa ajili ya mvua za Iringa. Mwishoni aliigiza mshindo kwa kuangukia kiti, na watoto walitaka aanguke tena.

Mwaka 2017 alikuja Mama Minza, mfugaji kutoka Usangu, kumtembelea mwanawe. Hakuitazama bunduki. Alisimama kwenye kona nyingine, mbele ya fimbo ya chuma iliyokatika ncha, yenye ufa mrefu na pete inayoteleza ndani ya ufa huo. Kibao kilisema ni chuma cha kufungia ng'ombe.

"Mzee, hapa ng'ombe hafungwi," alisema. "Pete inakimbia, na kamba itakimbia nayo. Au ng'ombe wenu wa Iringa wana adabu kuliko wetu?"

Mzee alicheka. Jioni ile aliichukua fimbo na kuiingiza kwenye mtutu. Ilienea kabisa. Pete iliteleza hadi mbele, ikabaki nje ya mdomo, mahali ambapo kamba ingefungwa bila kuzuia chuma kutoka. Kumbe bunduki ile ilirusha chusa, mkuki wenye kamba. Na tembo hakuna anayemfunga kamba. Baada ya wiki tatu katika maktaba ya mkoa alikuwa na jibu: ilitengenezwa kufungwa mbele ya mashua, kuwindia nyangumi. Uma ulikuwa wa kuigeuza kumfuata mnyama. Kifuniko kilizuia maji ya mawimbi, na fataki ziliwekwa mbili ili moja ikilowa, nyingine iwake.

Kesho yake walitarajiwa wageni wa shule moja ya Mwanjelwa, Mbeya, waliosafiri mahsusi kwa ajili ya bunduki ya tembo. Mkuu wa shule wakati huo, Mwalimu Shufaa, alimwomba kwa upole aache kibao cha bunduki kama kilivyo hadi waondoke.

"Mwalimu, wale wa nyuma niliwadanganya bila kujua," Mzee alijibu. "Hawa wa kesho nitakuwa najua."

Kibao kilibadilishwa usiku huohuo. Wageni walikatishwa tamaa kidogo, na mwaka uliofuata shule zilizotutembelea zilipungua nusu. Mzee hakulalamika. Alifungua kitabu cha wageni na kuziandikia barua shule zote zilizowahi kuja, sitini na moja, akikiri kosa na kueleza lilivyogunduliwa na Mama Minza. Moja ilisomwa darasa la tatu huko Ipogolo, mbele ya watoto waliokuwa wamechora tembo. Baadhi yao leo wako kidato cha tatu katika shule hii, na walikuja kwa sababu ya barua hiyo.

Mstari wa mwisho wa kibao bado unasomeka: "Ilifikaje milimani? Hatujui." Mzee ametukabidhi mstari huo pamoja na funguo.

Asante, Mzee wetu. Tunakuombea afya, mvua nzuri kwenye shamba lako la Mgololo, na siku moja uione bahari, ambayo hujawahi kuiona. Na kama kuna tulipokosea katika wasifu huu, tafadhali tuandikie barua. Kibao tutakibadilisha siku hiyohiyo.