Kitabu Nilichotaka Kukichoma

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe tena, na safari hii waitikie na wale waliokaa karibu na mlango, ambao najua wanasubiri nimalize wakaanue nguo zao. Mchungaji amenipa dakika kumi. Mie ni mwalimu, dakika kumi nazijua.

Wengi mnanifahamu. Mimi ni Mama Anitha, nafundisha Kiswahili sekondari hapa hapa Kimara, na ni katibu wa kamati ya kuteketeza. Kwa faida ya wageni niseme kidogo. Hapa kanisani, kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, mtu aliyeokoka huleta vitu vyake vya zamani, hirizi, vibuyu, vitambaa, na vitabu vibaya pia, vikachomwa kwenye pipa nyuma ya jengo. Lakini kamati ina kanuni: hakichomwi kitu mpaka katibu akikague na kuandika kwenye fomu kina ubaya gani, ili mwenyewe aukane kwa kuutaja. Kanuni hiyo tuliiweka baada ya kuchoma furushi la mjane mmoja lililofungwa kwa kaniki. Tuliamini ni uganga wa marehemu mumewe, kumbe zilikuwamo karatasi za mauziano ya kiwanja chao. Tuliimba sana siku ile, ndugu zangu. Moto ulipozima ndipo mama wa watu akauliza hati zake ziko wapi. Tangu hapo tunasoma kwanza.

Sasa nieleze maisha yangu yalivyokuwa. Anitha, mwanangu wa pekee, yuko kidato cha tatu. Ana kifafa tangu darasa la nne. Kwa miaka yote hiyo alikuwa anameza vidonge vyake asubuhi na jioni, na alikuwa anaanguka mara moja moja, labda mara mbili kwa mwaka. Tuliishi hivyo na hatukulalamika. Kisha mwaka huu akaanguka mstarini shuleni, mbele ya shule nzima, akajikojolea. Wanafunzi wakaanza kukwepa dawati lake. Na mimi mama yake, ambaye nafundisha shule hiyo hiyo, nilisikia kwa masikio yangu mwalimu mwenzangu akisema ofisini kwamba yule mtoto ana kitu. Niliona aibu kuliko nilivyomwonea mwanangu huruma. Hilo nalisema leo mbele yenu, kwa sababu ndipo mabaya yote yalipoanzia.

Mwalimu huyo huyo ndiye aliyenipeleka kwa mtumishi mmoja Chanika. Jina lake silitaji, Mungu analijua. Alikuwa mtu mpole, msafi, anaongea taratibu, anakukaribisha kwa mikono miwili. Aliniambia mtoto hana ugonjwa, ana kifungo. Akataka nimletee blauzi yake, kadi yake ya kliniki na vidonge vyote vilivyobaki nyumbani. Akanikataza nisimwambie mume wangu wala mchungaji wangu, maana watavunja maombi. Halafu Jumamosi ya wiki ya pili nimpeleke Anitha mwenyewe, akae kwake siku saba amefungiwa, bila kula. Nikakubali yote. Mimi, ambaye mwanafunzi akiniambia jambo namwuliza ushahidi uko wapi!

Wiki ya pili bila dawa, siku ya Jumatano, Anitha alianguka uani akifua. Ndugu zangu, sikuwahi kuona anguko kama lile. Kliniki walinifundisha zamani: mgeuze ubavu, mwondolee vitu vya karibu, angalia saa. Badala yake nikakimbilia simu nikampigia yule mtumishi. Akaniambia kwa sauti yake ile ya upole, "Msimguse. Hiyo ni dalili kwamba kazi inaendelea." Na mimi sikumgusa. Nilisimama na simu mkononi, nikamtazama mwanangu akipiga kichwa kwenye sakafu ya saruji mpaka akatulia mwenyewe. Alipozinduka alikuwa amepasuka juu ya jicho. Aliniuliza mbona nimesimama mbali. Nilimjibu ninaomba.

Kabla hajakata simu, mtumishi aliniambia pia kwamba ndani ya nyumba yangu kuna kitu kinachompa adui nafasi, nikitafute kabla ya Jumamosi. Nikapekua. Alhamisi, chini ya godoro la Anitha, nikakipata: kitabu kinene, jalada jeusi lenye picha ya mnara wa mawe na dirisha moja lenye taa. Riwaya ya Kiswahili, ya kutisha, ya mambo ya kichawi katika mji wa zamani wa chuo kikuu huko Ulaya. Nilipiga magoti nikashukuru. Nilisema nimemkamata adui.

Anitha aliniambia si chake, ni cha Sakina, rafiki yake, binti wa wale Wahindi wenye duka la vifaa vya shule. "Mama, ukikichoma nitamwambia nini Sakina?" Nikamwambia Sakina nitazungumza naye mimi. Nikamtuma uani akaoshe vyombo, nikakaa sebuleni na fomu ya kamati na kalamu nyekundu. Nilikusudia kuweka alama ya kosa kwenye kila mstari wa kishetani, ili Jumapili nisome orodha ndefu mbele yenu. Shule zilikuwa zimefungwa, nilikuwa na nafasi.

Ndugu zangu, ukurasa wa kwanza sikuweka kosa. Wa pili pia. Nilikuwa najiambia ubaya uko mbele, ngoja nifike.

Niwasimulie kidogo kilichomo. Kuna msichana wa huku kwetu, Sabina, amepata nafasi ya kusoma katika chuo chenye umri wa mamia ya miaka. Mji wenyewe ni wa mawe na ukungu. Kuna maktaba ya ghorofa nne, lakini ngazi zinaishia ya tatu. Na kila jioni, kwenye ghorofa hiyo ya nne isiyo na ngazi, taa inatembea kutoka dirisha hadi dirisha. Mwandishi hasemi ni nani anaibeba. Anakuacha hapo, anaendelea kueleza habari za chakula cha wanafunzi na baridi ya mabweni, wakati wewe akili yako yote imebaki kwenye ile taa. Niliisoma saa tisa mchana, jua la Kimara limewaka kama mnavyolijua, redio ya jirani inapiga singeli, na bado nywele zilinisimama. Nimefundisha fasihi muda mrefu. Nilijua niko mikononi mwa fundi.

Na sasa sikilizeni jinsi alivyomchora mwovu. Hana pembe. Ni profesa mzee, mpole, anayewakaribisha wanafunzi wageni na kuwamiminia chai kwa mkono wake mwenyewe. Anajua majina ya mama zao. Kila wiki anaomba kila mmoja amwachie kitu kidogo tu: kitambaa, barua, picha. Na wasimwambie mtu. Nimesikia mahubiri mengi juu ya shetani, na mengine nimeyatafsiri hapa mimbarini, lakini sikuwahi kumwona waziwazi kama nilivyomwona katika kile kitabu, ameinama anamimina chai. Nikajikuta pembeni mwa mstari nimeweka alama ya pata. Nikaendelea, nikaweka nyingine. Ijumaa mchana ukurasa mzima ulikuwa mwekundu, na kosa hata moja hakuna.

Bado sikujitambua, ndugu zangu. Nilikuwa namshangilia mwandishi kwa kumfichua profesa, na blauzi ya mwanangu iko Chanika.

Sabina ana rafiki, anaitwa Klara. Klara anampenda kama ndugu yake. Sabina anapoanza kudhoofika na kuanguka darasani, Klara anaogopa, anakimbia kwa profesa. Profesa anamwambia asimguse, ni dalili tu kwamba kazi inaendelea, amlete maktabani Jumamosi. Maneno yale yale. Niliyasoma na macho yakapita, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kujua mwisho. Klara akamshika Sabina mkono. Akamvalisha koti. Akamwambia usiogope, mimi niko nawe. Wakaanza kuvuka kiwanja kuelekea maktabani, na huko juu taa imesimama, inasubiri. Na kinachouma ni kwamba Klara ana machozi ya upendo. Anaamini anamwokoa.

Nikapiga meza kwa kiganja, nikasema kwa sauti, "Mwache huyo mtoto!"

Anitha akachungulia kutoka uani, mikono ina povu, jicho limevimba pale alipopasuka. Akauliza, "Mtoto gani, mama?"

Nilimtazama yule mtoto aliyesimama mlangoni. Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Begi lake dogo nilikuwa nimeshalipanga, liko nyuma ya mlango wa chumba changu. Nilijua ni mtoto gani. Nilijua na Klara ni nani.

Ndugu zangu, nililia nikiwa nimekaa pale pale juu ya fomu ya kamati. Anitha alikuja akanikumbatia na povu lake lote, akadhani kitabu kimenitisha. Nikamwambia ndiyo, kimenitisha, na Mungu ambariki aliyekiandika. Nikamwomba msamaha kwa Jumatano. Nilimweleza yote, na ya Jumamosi pia. Alijipangusa povu mikononi. Kisha akasema, "Mama, mie nilijua hukuwa unaomba. Nilikuwa nasubiri uje." Maneno hayo sitayasahau mpaka kufa kwangu.

Nilimpigia Baba Anitha kazini, nikamwambia arudi sasa hivi. Alipofika hakunigombeza. Alisikiliza, akainuka, akachukua koti lake, tukaenda hospitali wote watatu jioni ile ile, bila kadi. Muuguzi aliuliza dawa ziliachwa kwa amri ya nani. Ningeweza kumtaja yule wa Chanika. Nikasema, "Mimi mwenyewe, dada." Akaniangalia, akaandika, akatupeleka kwa daktari. Daktari alitupa vidonge upya na maelezo ya namna ya kuanza, na akanisema vizuri tu, nami niliyastahili yote.

Jumamosi simu ya Chanika iliita mara sita. Mume wangu akapokea ya saba. Aliyoyasema hayafai kusemwa mimbarini.

Jumapili kamati ikakaa. Mzee Lameck, mwenyekiti wetu, alinyoosha mkono kupokea kitabu kwa ajili ya pipa. Nikampa fomu. Pale penye "ubaya uliopatikana ndani" nilikuwa nimeandika: wa katibu, naye ametubu; kisichomwe. Mzee alikasirika, mwenyewe yuko pale, atanisahihisha. Alisema haiwezekani kitabu cha wachawi kitoke salama kwenye kamati yake. Nikamwambia kanuni ni yetu sote, akisome kwanza ndipo akihukumu. Akakichukua. Wiki tatu hajakirudisha. Sakina kila tukikutana ananipa shikamoo, halafu anauliza kitabu chake, na mimi namwambia kiko kwa mzee wa kanisa. Juzi Mzee Lameck amenipigia kuuliza kama ni kweli ngazi zinaishia ghorofa ya tatu. Nimemwambia asome, asiniulize mwisho.

Ndugu zangu, sisemi mkatafute vitabu vya kutisha mviweke mahali pa Neno. Lakini namshukuru Mungu kwa mwandishi yule, ambaye hanijui wala hajui Kimara iko wapi, aliyekaa peke yake akatunga uovu kwa ufundi wote aliopewa, asiufiche, asiupambe, mpaka mama mmoja mjinga akauona uso wake mwenyewe ndani yake. Nilikuwa nimefumba macho kwenye kila mahubiri. Kule kwenye hadithi nilijisahau, nikayafumbua. Mungu angeweza kutumia malaika, akaona kwa mkaidi kama mimi afadhali atumie riwaya.

Mtaniuliza, Anitha amepona? Hajapona. Yuko pale mstari wa tatu, amevaa gauni la bluu, na jicho limebaki na kovu. Tangu siku ile ameanguka mara moja, nyumbani, jikoni. Safari hii nilikuwa chini naye sakafuni. Nilimgeuza ubavu, nikaweka kanga chini ya kichwa, nikaangalia saa. Dakika mbili. Alipofumbua macho alinikuta hapo hapo. Yule mtumishi wa Chanika alisema mwanangu anahitaji kufunguliwa, na Mungu kweli amemfungua: amemtoa mikononi mwangu, akanirudishia nikiwa mama yake.

Kama ndani ya jengo hili yuko mzazi ambaye vidonge vya mtoto wake amevipeleka mahali, au amevificha, au kuna mtu mpole amemwambia asimwambie mwenzake, nakuomba usione aibu. Aibu mimi nimeshaimaliza yote hapa mbele. Jumanne ni siku ya kliniki, sisi tunatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Njoo utukute getini kwangu. Anitha amesema atakaa karibu na mwanao kwenye foleni, ili asikae peke yake.

Jina la Bwana lisifiwe nyumbani kwangu na kwenu. Mchungaji, dakika zimezidi, unisamehe.